Kombo la Mkate

Jirani wa Mwanamwema, mwalimu wa nyota huko Tunguu, kila kitu hukitazama kwa kipande chake cha kioo cha kuchuja mwanga, akikizungusha jichoni kama atafutaye stesheni ya redio. Nyota kibete nyeupe ikipasuka, husema, zungusha kioo: mwanga ukififia ukarudi, ujue imepasuka kombo. Kioo hicho hamwachii mtu akiguse. Jana mkate wa kumimina ambao Mwanamwema alimpikia mavyaa yake, mama wa mumewe, uliumuka upande mmoja, na mavyaa huyo akapiga hodi. "Usilie, hata nyota hupasuka hivyo," mwalimu, aliyekuwapo, alimwambia Mwanamwema, akamkabidhi mavyaa kioo chake. Mavyaa akauelekezea mkate kioo, akakizungusha taratibu, kisha akamwelekezea Mwanamwema, akazungusha tena.

"Mkate hauna neno," akasema. "Mpishi ndiye kombo."