Samaki Wadogo wa Tangi la Alhaji

Ndugu wasomaji, mnivumilie mwandiko wangu na herufi ninazokosea; niliishia la saba.

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa nchini, nilitunza tangi la maji ya bahari hotelini Makambako, lenye chewa mkubwa na samaki wadogo. Hadi leo naukumbuka mngurumo wa chujio lake, mashine ya kusafisha maji. Tajiri wangu, Alhaji, alinionya, "Samaki wakifa, urudi kwenu Njombe." Kwetu samaki wa bwawani hula pumba. Hivyo wadogo walipoanza kupungua, nilidhani chujio linawavuta, nikalizima.

"Mbona kimya?" Alhaji akauliza, wageni wakiwa nyuma yake.

"Chujio linawamaliza wadogo, Alhaji."

"We kijana! Hao ni chakula cha chewa!"

Pale pale chewa akammeza mmoja. Wageni wakashika mbavu.

Nanyi mmewahi kuaibika hivi? Niandikieni.