Nusu ya Methali ya Shangazi Salome

Mlio wa uwele ukipepetwa kwenye ungo ndio unaonirudisha kijijini Mtinko, kwa shangazi yangu Salome, mjane aliyetulea pamoja na mama. Shangazi alikuwa na kigugumizi. Kuniita jina tu kulimchukua muda, nami nilijifunza kusubiri bila kumsaidia. Lakini akiwa anapepeta, methali za Kinyaturu zilimtoka bila shida. Zilikuwa na mizani yake: silabi ileile ikijirudia mwanzoni mwa kila kipande, pumziko dogo, kisha kipande cha pili kikilingana na cha kwanza. Hicho cha pili tulikiitikia sisi watoto kwa pamoja, na ulimi wake haukukwama hata mara moja.

Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, viwanja viligawiwa hadharani, mbele ya shule. Shangazi alipangiwa ng'ambo ya korongo, mbali na sisi. Akasimama.

"Mwe-mwe-mwenyekiti, mi-mi..."

Vijana wakacheka. Mwenyekiti, bila ubaya, akasema, "Mama, pumzika kwanza. Tutakusikiliza baadaye."

Nilimwona akiukunja upindo wa khanga yake. Nilijua hiyo baadaye haitafika. Hakukaa. Alifumba macho, mikono ikaanza kutikisika kama ameshika ungo, akatoa nusu ya methali moja kuhusu ndugu wanaokaa karibu. Kisha wazee, mama zetu, hata wale vijana, wakamjibu nusu ya pili kwa sauti moja. Palepale, kabla mdundo haujapoa, akaunganisha maneno yake mwenyewe: "Niwekeni karibu na wifi yangu. Sina mwingine."

Mwenyekiti akafuta mstari kwenye karatasi yake. "Haya, mama," akasema. "Tumesikia."

Jioni tulibeba vyungu vyake hadi kiwanja cha pili kutoka kwetu, na hapo alikaa mpaka alipofariki.

Sasa naishi Singida mjini, na Kinyaturu changu kimebaki cha salamu. Mapigo ya methali ile nayakumbuka, naweza kuyagonga kwa vidole mezani, ila maneno yamenipotea. Juzi nilikuwa nikimsomea mjukuu wangu methali za Kiswahili kwenye kitabu chake cha shule. Nilipofika katikati ya moja, nikatulia, nikamsubiri.

"Bibi," akaniuliza, "mbona umenyamaza?"

Nikaimalizia mwenyewe.