Fishi za Remera

Iko siku moja ambayo naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na siku hiyo hakuna damu iliyomwagika. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limeingia dirishani, na mimi nimeketi mbele ya meza ya kazi nikiufurahia mwandiko wangu mwenyewe. Umeniambia umepata kazi kwenye kampuni ya simu, na kwamba watakukabidhi mahali yanapotunzwa majina ya wateja. Nimefurahi pamoja na mama yako. Lakini kabla hujaripoti kazini, keti kidogo unisikilize. Jambo hili limekaa kifuani mwangu muda mrefu, na sitaki nife nalo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa shirika la simu hapa Kigali. Vita vilikuwa kaskazini, na mjini watu walishazoea kuzungumza kwa sauti ya chini, lakini sisi mafundi tulikuwa na furaha ambayo leo naona aibu kuitaja. Mitambo mipya ilikuwa imefungwa kwenye jengo tuliloliita sentrali, na kazi ilikuwa kuupeleka mtandao hadi pembe za mji. Tulichimba mitaro kutoka katikati ya mji mpaka Remera. Tukalaza kebo nene za shaba ndani ya udongo mwekundu, tukasimamisha makabati ya chuma kando ya barabara. Ndani ya kila kabati kulikuwa na mamia ya jozi za nyaya, na kila jozi iliishia sebuleni kwa mtu. Watu walikuwa wamengoja simu miaka sita, miaka saba. Walitukuta mtaroni wakatushika mikono yetu yenye matope kana kwamba sisi ni madaktari.

Sasa elewa jambo moja. Wakati ule mitaa ya Kigali haikuwa na majina wala nyumba hazikuwa na namba kama leo. Laini ikiharibika, fundi angeipataje nyumba? Kwa hiyo kila mteja alikuwa na fishi yake, kadi ngumu ya manjano, na juu yake fundi aliandika namba ya jozi, kabati, nguzo, na maelezo ya njia. Wenzangu waliandika kwa mkato: karibu na kanisa, nyumba ya tatu. Mimi niliandika kama mtu anayechora picha. Niliandika rangi ya lango, mti uliosimama uani, mbwa yuko au hayuko. Kama nyumba ilikuwa na njia ya nyuma niliandika na hiyo, maana mara nyingi tulikuta wenyewe hawapo na ilibidi kuifikia nguzo. Fundi mgeni aliyeshika fishi yangu hakuhitaji kumuuliza mtu yeyote.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Ramadhani, mtu wa mtaa wa Biryogo, mrefu, mwenye kofia ya darizi iliyochakaa. Alitufundisha kazi kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, Kifaransa ni cha ripoti na Kinyarwanda ni cha kugombana na mke wake. Siku moja aliichukua fishi yangu akaisoma, akainua macho.

"Wewe kijana, hii ni fishi au barua ya posa?"

Mafundi wakacheka.

"Mzee, nataka fundi asipotee."

"Andika jozi, andika kabati, andika nguzo. Fundi akipotea, atauliza. Kuuliza hakuumi."

Nilimwona ni mzee aliyepitwa na wakati. Sikubadilisha chochote.

Asubuhi ile ninayokuambia, Mzee Ramadhani alikuwa safarini Rwamagana kukagua nguzo. Akaingia bwana mmoja wa suti ya kijivu, akasema anatoka ofisi ya serikali. Hakutaja ipi, nami sikuuliza. Alivuta droo ya Remera, akatoa fishi mbili tatu, akazisoma polepole.

"Hizi ni kazi ya nani?"

"Zangu, bwana mkubwa."

"Una mwandiko wa mapadri. Watu kama wewe wanapotea bure huku mitaroni."

Mwanangu, maneno hayo yaliniingia kama asali. Akasema anataka nakala ya Remera yote, kwa ajili ya kitabu kipya cha simu. Kisha, akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango, akaongeza: "Kwenye fomu zao za maombi iko nakala ya kitambulisho. Andika na kabila la kila mmoja, ili kazi iwe kamili."

Wewe umezaliwa kitambulisho hakina tena neno hilo. Chetu kilikuwa nalo. Changu kilisema Mhutu, na sikuwahi kulazimika kulifikiria sana, na hiyo peke yake ilipaswa kunitosha kujua kwamba wengine lilikuwa likiwaumiza. Alinipa siku tatu. Hakuleta barua, hakuweka sahihi popote. Nilinakili kwa kalamu mpya, nikapiga mistari kwa rula. Alipokuja kuchukua alinishika mkono.

Mzee Ramadhani aliporudi, nilimsimulia mwenyewe, kwa kujisifu. Alikuwa amesimama akifungua kamba za viatu. Akaziacha.

"Ulimpa kabila?"

"Aliomba, Mzee. Ni kwa kitabu cha simu."

"Simu inahitaji kujua kabila la mtu ndiyo ilie?"

Nikaanza kuzipanga fishi mezani.

"Na njia za nyuma? Kitabu cha simu kinahitaji kujua mtu anatokea wapi akiwa na haraka?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokitoa. Mzee aliketi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Wewe si mtu mbaya," alisema. "Ungekuwa mbaya ningejua la kufanya na wewe. Wewe unapenda kusifiwa, basi. Sasa sikiliza. Kesho uanze, nyumba kwa nyumba, wale wote ambao unajua neno ulilowaandikia litawaweka pabaya. Waambie: nimetoa habari zenu, ziko mikononi mwa mtu nisiyemjua. Usiseme shirika limetoa. Sema mimi."

"Watanishtaki, Mzee. Nitafukuzwa."

"Inawezekana. Na wao watakuwa wamejua. Mwenye kutaka kuhama atahama, mwenye kutaka kumpeleka mtoto kwa ndugu atampeleka."

Yeye mwenyewe alizichukua fishi za Nyamirambo na Biryogo, ambazo bwana yule alikuwa bado hajazifikia, akaziloweka ndani ya ndoo ya maji mpaka zikawa uji. Kwenye ripoti aliandika kwamba paa lilivuja.

Nilianza na nyumba ya Mwalimu Imakulata. Alifundisha hisabati shuleni, mjane, akiishi na mama yake mzee na binti zake wawili. Nilikuwa nimemfungia simu mimi, na siku ile alilia kwa furaha aliposikia mlio wake wa kwanza, kisha akajicheka. Nilichagua kwake kwanza kwa sababu nilijua hatanipigia kelele.

"Fundi, mbona simu yangu ni nzima?" aliniuliza langoni.

"Ukaguzi tu, Mwalimu."

"Amekuja kukagua chai," mama yake alisema kutoka kwenye mkeka. "Mpe, aende akakague na kwingine."

Binti mkubwa aliniletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Nilikuwa nimeirudia njiani kote. Nilifungua kisanduku cha ukutani, nikafungua skurubu kwa bisibisi, nikakaza nyaya ambazo tayari zilikuwa zimekazwa. Nikasema moyoni, nikimaliza kikombe nitasema. Kikombe kikaisha. Mwalimu akanisindikiza kwa upande wa nyuma, mahali ambapo uzio wa miti ya miyenzi ulikuwa na pengo la kupita mtu mmoja, lile nililokuwa nikipitia kuifikia nguzo.

"Hili pengo nataka kuliziba," alisema. "Siku hizi si nzuri. Ila nikiliziba, wewe utapita wapi?"

Pengo hilo lilikuwa kwenye fishi yake. Mstari wa tatu. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, wala sikuhitaji kutafuta maneno. Na mimi nikasema, "Liache tu, Mwalimu."

Nyumba nyingine sikwenda. Jioni Mzee Ramadhani aliniuliza kama nimeanza, nikasema nimeanza. Baada ya wiki mbili akaniuliza kama nimemaliza.

"Wote?"

"Wote, Mzee."

Alinishika bega akasema Mungu anilipe. Aliniamini, na kwa kuwa aliniamini hakwenda yeye.

Miezi ilipita. Nilianza kujiambia kwamba labda kweli kilikuwa kitabu cha simu. Aprili ya tisini na nne, usiku mauaji yalipoanza, nilikuwa zamu kwenye sentrali, na asubuhi yake hatukuweza kutoka, kwa sababu barabara zilishafungwa na watu wenye mapanga. Simu zilikuwa bado zinafanya kazi. Jambo hilo wengi hawalijui. Mji ulikuwa unauawa, na mitambo yetu mipya ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Watu walipiga kila namba waliyoijua. Wengine walipiga namba ya kuripoti hitilafu, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa inajibu, na aliyekaa kwenye meza hiyo nilikuwa mimi.

Mchana wa siku ya pili nilisikia sauti ninayoijua.

"Ni nani? Ni fundi?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Wako langoni. Wana karatasi, wanasoma." Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. "Tulitaka kutokea nyuma. Na nyuma wapo. Wamesimama palepale kwenye pengo. Fundi, nani aliwaonyesha?"

Nilikuwa na nafasi nyingine. Mungu alinipa ya pili, mwanangu, na sijui ni wangapi wanaopewa ya pili. Nilisema, "Sijui, Mwalimu."

Akasema, "Basi usikate. Kaa hapo."

Nilikaa. Nilisikia mama yake akisali, na mtoto akiuliza kama wanaweza kwenda kwa jirani. Yaliyofuata sitakuambia. Mtu mmoja aliinua simu kule, akasikiliza kidogo, akairudisha mahali pake taratibu, kama mtu mstaarabu anayemaliza mazungumzo.

Mzee Ramadhani alikufa miaka kumi baadaye, kitandani kwake Biryogo. Wiki hizo za mauaji aliwaficha watu tisa darini, na hakuna karatasi iliyomwonyesha muuaji mlango wake. Nilimwambia ukweli alipokuwa mgonjwa. Aligeuza uso ukutani, na hakunigeukia tena mpaka nilipoondoka.

Binti mkubwa wa Mwalimu alikuwa kwa shangazi yake Bujumbura wakati ule, ndiyo maana yuko hai. Nilimtafuta. Nilisimama mbele yake na mbele ya majirani, nikasema: fishi ile niliiandika mimi, nakala niliitoa mimi, na mama yako aliponiuliza nilimdanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana wala hakunisamehe. Aliniuliza jambo moja: "Ulikunywa chai yetu ukiwa unajua?"

Nikasema ndiyo. Akasimama akaenda zake, na alikuwa na haki.

Sasa wewe unakwenda kufanya kazi ambayo mimi nilidhani ni ya nyaya. Fishi zako hazijazi droo, zinaingia zote kwenye kitu kidogo kuliko kiganja, na mnara mmoja unajua vizuri zaidi mtu amelala wapi kuliko nilivyowahi kuandika. Kila utakapowekewa fomu mbele yako, isome mstari kwa mstari, ujiulize: hili linaisaidia simu kulia? Kama halisaidii, usiliulize. Kama limeshaulizwa, pigania lifutwe. Akija mtu wa kukusifu akitaka orodha, mwombe barua na sahihi na sababu, na uwe mgumu zaidi kadiri anavyokusifu zaidi.

Na ikitokea umekosea, maana utakosea, nenda siku hiyohiyo kwa uliyemkosea. Usipeleke bisibisi. Usingoje kikombe kiishe. Aibu ya kusema ingenichukua dakika moja pale kwenye uzio, na Mwalimu angeliziba lile pengo, au angepanda basi la Bujumbura na mama yake na mtoto wake. Kosa la kalamu nilifanya kwa ujinga. Kunyamaza nilifanya kwa kujua, na ndiko kunakoniamsha usiku.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono inayojua kazi, akupe na viongozi wasiokusifu kupita kiasi. Siku ukiwa na neno zito la kumwambia mtu, akufungue kinywa kabla hujaketi kwake. Na nyumba zote utakazoziunganisha, wenyewe wapokee simu wakiwa salama, leo, na kesho, na miaka yote ambayo mimi sitakuwepo.