Kidole Kilichohesabu Kijiji cha Anti Devi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tukipanga chumba cha nyuma kwa Anti Devi huku Queensburgh, Afrika Kusini, mwalimu alitupa kazi: eleza kijiji chenu, historia yake, jiografia, idadi ya watu. Mama hakutaka kusikia habari za kwetu Kongo, tulikokimbia vita. Basi Anti Devi, Mhindi mzaliwa wa Durban, akaniazima kijiji cha kwao India.

Hakuwahi kukiona, lakini alikijua! Babu yake alitoka huko kwa meli kuja kukata miwa. Ziwa dogo mashariki, mpunga pande zote, na mpakani farasi wakubwa wa udongo wa kuwalinda watu. Kila Diwali, sikukuu yao ya taa, aliwasha taa moja ya ziada, ya kijiji. Akaanza kunitajia nyumba, ya mfinyanzi, ya mkamua mafuta, nami nikihesabu kwa kidole hewani.

Tate, bibi yangu, akaacha kuchambua maharage. "Funga ngumi! Watu si mbuzi. Ukiwanyooshea kidole, wanaisha."

Nikamtafsiria Anti, akacheka. "Mwambie Granny hata sisi hatuhesabu watoto. Lakini mwalimu anataka namba, eish! Ngoja nimpigie binamu yangu kule India."

Akapiga pale pale, kicheko bado kiko usoni. Kikafa. Serikali ilijenga bwawa, binamu alisema. Mpunga, nyumba, farasi, vyote viko chini ya maji, miaka mingi sasa. Watu walitawanyika. "Tulidhani unajua."

Anti aliiweka simu mezani polepole. "Andika sifuri."

Niliandika. Tate akaniosha kidole kwa maji ya chumvi, kuondoa nuksi. Diwali ile, taa ya ziada haikuwashwa.

Juzi binti yangu Neema, ana miaka saba, amerudi na kazi ile ile. Akainua kidole: "Mama, kwetu Kongo iko watu wangapi?" Nilikishika kile kidole kwa nguvu mpaka akalia, na mimi nikalia.

Najua, maji yalifika kule kabla sijazaliwa, kidole changu hakikuzamisha mtu. Lakini mpaka siku nilipouliza, Anti Devi alikuwa na kijiji.

Namba ya mjomba aliyebaki kwetu ninayo. Sijapiga. Nimemwambia Neema aandike mto, mlima, mashamba ya mihogo. Pa watu, apaache wazi.