Mama Asisahihishe Mtoto Wake

Kanuni ile niliitunga mimi, na niliitunga kwa chuki. Nasema mapema ili mtu asije akadhani naandika hapa kujisafisha. Tulikuwa akina mama wanne tunaosomesha watoto wetu nyumbani, wawili Wakenya, mmoja Mkongo, na mimi kutoka Morogoro. Kila Jumatano tulikutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja dogo la Takoma Park, huku Marekani, ili watoto wasome pamoja. Mimi nilifundisha hesabu. Mama wa Kongo alifundisha sayansi. Kiingereza alikifundisha yule mwanamke.

Yule mwanamke ni nesi, mtu wa Nakuru, anafanya kazi Jumamosi na Jumapili ili siku za katikati ya wiki akae na binti yake. Hakuna aliyemchagua kuwa kiongozi wetu. Tulijikuta tu tunamuuliza yeye ukumbi utafunguliwa saa ngapi, na tangu hapo akawa mkubwa. Ana sauti ya upole inayonikera hadi leo, ile ya kumwambia mgonjwa kwamba sindano haiumi. Binti yake alikuwa na miaka kumi, sawa na wangu, na alama zikisomwa pale ukumbini zilianza na zake: ishirini kwa ishirini, zimetolewa na mama yake mzazi.

Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka sita kabla sijaja huku. Najua ishirini ya halali na najua ishirini ya kubebwa. Jumatano moja ya Oktoba nikashindwa kuvumilia, nikasema mbele ya wote kwamba kuanzia leo mama asisahihishe mtoto wake. Karatasi za mtihani zifungwe kwenye bahasha, tubadilishane, na zikishasahihishwa ziingie kwenye kabati la ukumbini na lifungwe kwa ufunguo mpaka siku ya ukaguzi. Nilijua ninamlenga nani, naye alijua.

"Sawa tu, my dear," akasema. "Mimi nita-mark wako, wewe u-mark wangu. Hakuna shida."

"Mimi si my dear wako," nikamjibu.

Mama wa Kongo akaweka mkono kati yetu kukata ugomvi. "Ba mama, tuache palabre. Batoto banasikia."

Watoto walikuwa wanasikia kweli, na wangu alikuwa ameacha kuandika. Sikujali. Nilirudi nyumbani Wheaton siku ile nimeshiba ushindi.

Hapa lazima nieleze kwa nini faili la mtoto lilikuwa roho yangu. Kaunti yetu inamtaka mzazi anayesomesha nyumbani apeleke faili la kazi za mtoto, mkaguzi azipitie, aseme ameridhika au hajaridhika. Binti yangu nilimtoa shule mwenyewe alipokuwa na miaka tisa. Siku ya kumwandikisha, fomu iliuliza lugha ya nyumbani, nami kwa fahari zangu nikajaza Kiswahili. Mtoto mwenyewe Kiswahili anakisikia tu. Ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza. Lakini karatasi ilisema Kiswahili, basi kila siku akawa anatolewa darasani na kupelekwa chumba cha wanaojifunza Kiingereza, kukaa na watoto walioshuka kwenye ndege juzi. Nilipokwenda kulalamika nikaambiwa hawezi kutoka mle mpaka afaulu mtihani fulani. Nikawaambia mtihani wakafanye wao. Wiki iliyofuata alikuwa mezani kwangu, mbele ya ubao niliouning'iniza juu ya kochi.

Mume wangu hakupenda. Anafanya kazi Springfield, na foleni za yale makutano ya barabara kuu humrudisha nyumbani akiwa amenuna tayari, kwa hiyo hatukubishana sana. Alitoa sharti moja, tukiwa mezani, mtoto anakula. Mkaguzi asiporidhika mwaka huu, Septemba mtoto anarudi shule. Nikakubali papo hapo kwa sababu nilikuwa na uhakika. Mwalimu mzima, nimfundishe mwanangu mwenyewe, halafu afeli?

Basi tukaanza kupigana kwa kalamu. Bahasha ya binti wa yule mwanamke ikinifikia, nilikuwa naifungua kabla sijavua koti. Kuna hesabu moja ya sehemu aliyoipata vizuri kabisa, nikamkata alama kwa sababu hakuonyesha njia. Nyingine nikamkata kwa kuandika saba isiyosomeka. Akapata kumi na moja. Nilijisikia vizuri siku nzima, nikapika pilau. Baada ya wiki chache mtoto yule akawa akinikabidhi kitu ananyoosha mkono kwa mbali, haniangalii usoni, na hata hilo halikunizuia.

Na yeye, nilijiambia, lazima ananifanyia vilevile. Mara moja, mwezi wa Januari, alinifuata pale mlangoni, watoto wakivaa viatu, akasema angependa tuongee kidogo kuhusu binti yangu, sisi wawili tu. Nikamwambia kama ana neno alitoe mbele ya wote, mimi siongei pembeni. Akanitazama, akasema haya, akaondoka. Njia nzima nilikuwa namsimulia mume wangu kwa simu jinsi nilivyomkomesha.

Bahasha za binti yangu sikuwa naziona, wala alama hazikusomwa tena mpaka mwisho wa mwaka. Ndiyo ilikuwa kanuni. Lakini sikuwa na wasiwasi, kwa sababu nyumbani mtoto alikuwa moto. Desimali, asilimia, eneo la pembetatu, zote anazo kichwani. Kweli alikuwa amepoa kidogo, haongei sana, anajifungia chumbani na vitabu vyake. Nikasema huo ni umri.

Mwezi wa tatu, wiki mbili kabla ya ukaguzi, tulikaa kusoma alama za mwaka. Yule mwanamke alisoma za binti yangu kwa ile sauti yake. Kiingereza kumi kwa ishirini. Hesabu tisa.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Hesabu, tisa.

Hesabu ni somo langu. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Nilimwambia amemuua mtoto wangu ili anikomoe mimi. Nilimwambia anatoka zamu na usingizi machoni, anachukua kalamu anapigapiga makosa asiyoyaelewa. Na kwa kuwa bado damu ilikuwa inachemka, nikaongeza: "Kapime watu presha. Ualimu tuachie walimu."

Ule upole ukamtoka wote. Mara ya kwanza nilimwona na uso wake halisi, na ulikuwa uso wa mtu aliyenichoka muda mrefu.

"Mimi nime-mark kile mtoto ameandika," akasema. "Unasikia? Kile ameandika." Akaenda kwenye kabati, akalifungua, akaleta faili la binti yangu, akalibwaga mbele yangu. "Haya, hizo hapo. Tafuta venye nimekosea. Ukipata moja tu, mimi natoka hii group leo."

Watoto walipelekwa uani na mama yule Mkenya mwingine. Mimi nikakaa, nikatoa kalamu yangu, nikaanza kusahihisha upya. Sijawahi kusahihisha kitu kwa hamu kiasi kile. Karatasi ya kwanza: saba ya nane kutoa robo, binti yangu kaandika sita ya nne. Ni kosa. Yule mwanamke kaweka kosa, na hakuwa na namna nyingine. Karatasi ya pili hivyohivyo. Ya tatu, ya nne. Ni makosa ya kijinga, ya mtoto ambaye hajawahi kufundishwa, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Kwenye karatasi ya tano, yenye hesabu kama ile ya kwanza, niliona kivuli. Chini ya jibu lililokosewa palikuwa na alama ya raba, na chini ya alama ya raba palikuwa na kitu. Nikaipeleka dirishani, nikaishika dhidi ya mwanga. Tano ya nane. Jibu sahihi, kwa mwandiko wake safi niliouzoea, limefutwa, na juu yake limeandikwa la kukosea. Nikarudi kwenye zile za kwanza, nikaziinua moja moja. Zote zilikuwa hivyo.

Pembeni mwa karatasi tatu palikuwa na maneno ya penseli, ya yule mwanamke. "Jibu la kwanza lilikuwa sawa. Mbona anafuta? Niongee na mama yake." Moja ilikuwa ya mwezi wa kwanza.

Alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu. Hakuniambia nimekosa, ingawa alikuwa na haki hiyo.

"Mimi nilidhani ana-doubt tu, hajiamini," akasema. "Lakini ona hii, na hii. Mtu mwenye ana-doubt angefuta pia zile mbaya. Huyu zenye alikosea kweli, hajazigusa. Anafuta zenye ako sure nazo."

Aliyoyasema yalikuwa kweli, na iliniuma kwamba ni yeye aliyeyasema. Mimi mwalimu nilikuwa nimeshika karatasi na sijaona. Nilifunga faili, nikalitia kwenye mkoba. Kanuni ilisema faili halitoki kabatini, na hakuna aliyenikumbusha.

Sikuweza kuendesha mpaka nyumbani. Niliingia kwenye maegesho ya lile duka kubwa la Wheaton, nikazima gari katikati ya watu wanaosukuma vikapu, nikaweka faili mapajani mwa binti yangu aliyekuwa kiti cha pembeni.

"Umefuta kwa nini?"

Hakulifungua. Alijua kilichomo. "Baba alisema nikifeli narudi shule," akajibu kwa Kiingereza chake, taratibu, bila kulia.

Kuna mama angemkumbatia. Mimi nilitaka kumzaba kibao. Mwaka mzima nimeacha kazi, nimegombana na watu, nimesimama mbele ya ubao na miguu imevimba, na huyu mtoto anakaa Jumatano kwa Jumatano anafuta kazi yangu kwa raba. Nikashika usukani kwa mikono miwili ili mikono isiende kwingine.

"Shule ipi unayoitaka? Ile ile? Iliyokuwa inakutoa darasani kama mjinga?"

"Mle walimokuwa wananipeleka ndimo walimokuwa marafiki zangu."

Mwaka mzima nilikuwa napigana kwa ajili ya mtoto aliyedhalilishwa mle chumbani, na mtoto mwenyewe alikuwa anacheka mle na wenzake. Nikang'ang'ania kitu kimoja kilichobaki.

"Basi ungeniambia. Una mdomo. Kwa nini hukuniambia?"

Akanigeukia. "Nilikuambia, mama. Mara nne."

Akazihesabu. Siku namsuka, aliniambia amewakumbuka rafiki zake, nikamjibu hayo ni maneno ya yule mwanamke, ndiye anayewajaza. Tukiwa kwenye foleni ya kulipia, aliuliza kama anaweza kurudi hata nusu mwaka, nikasema ngoja kwanza nimalize simu, na simu ilikuwa ya kumsema yule mwanamke. Siku ya kuzaliwa kwake aliulizwa anataka zawadi gani, akasema shule, nikacheka nikadhani ni utani wa kunichokoza. Ya nne aliniandikia kwenye karatasi akaibandika kwenye friji. Nikaigeuza upande wa pili nikaandika orodha ya sokoni.

Zote nilizikumbuka alipokuwa anazitaja. Hata ile orodha naikumbuka, vitunguu na mafuta ya kupikia.

"Ndiyo nikafuta," akasema. "Kwa sababu alama unazisikilizaga."

Nikawasha gari. Sikumwomba msamaha siku hiyo. Nilikuwa bado nina hasira naye, na ni uongo kusema hasira iliisha kwa sababu alikuwa na haki. Yule mwanamke naye nilimtumia ujumbe wa maneno mawili, nimekosa dada, akajibu kwa alama ya dole gumba. Hatujawahi kuongea tena vizuri. Simpendi, na siku hizi najua kabisa kwamba tatizo si sauti yake. Yeye alimwona mwanangu mwezi wa kwanza, akaja kuniambia, mimi nikamfungia mlango.

Siku ya ukaguzi nililibeba faili lilivyo. Mume wangu alishauri mtoto azifanye upya zile karatasi zote, ilikuwa kazi ya wikiendi moja, mkaguzi angeridhika na nyumba ingetulia. Alikuwa ananionea huruma, nafikiri. Nilimwambia sitaki.

Mkaguzi alikuwa baba mmoja mstaarabu, mwenye miwani. Alifungua kurasa, akafungua nyingine, akaanza kukohoakohoa. Akasema kwa upole kwamba kwa kazi hii hawezi kuandika ameridhika, lakini utaratibu unanipa siku thelathini za kurekebisha, na kwamba wazazi wengi hurekebisha.

Siku thelathini. Mtoto huyu angezijaza zote sahihi kwa siku mbili, nikimsimamia kichwani. Ningeshinda. Nilimtazama, naye alikuwa hamtazami mkaguzi, ananitazama mimi, taya amelikaza, yuko tayari kwa mwaka mwingine wa kufuta.

Nikamwambia mkaguzi hatuzihitaji hizo siku, mtoto anarudi shule.