Bado Nati Mbili

Mama alipenda kumtania baba kwamba alikuwa mtu wa dini tatu. Alizaliwa Mkristo huko kaskazini, akasilimu ili amwoe mama, binti wa Kinubi ambaye babu yake aliingia Uganda na bunduki ya Mwingereza begani. Hizo ni mbili, na majirani wote wa mtaa wetu wa Kisugu walizijua. Ya tatu, alisema mama, ilikuwa dini ya matairi, na hiyo ndiyo aliyoishika bila kukosa hata siku moja.

Baba alikuwa dereva wa serikali, idara ya barabara. Baada ya miaka mingi ya kuendesha malori yasiyo yake alijinunulia gari dogo lililokwisha kutumika, la rangi ya kijivu, lenye mlango mmoja uliofunguka kwa ndani tu. Asubuhi ya Jumapili, kabla jua halijapanda, alikuwa ameshachuchumaa uani. Upepo, alituambia, unapimwa tairi likiwa baridi, likishatembea linakudanganya. Alipaka mate kwenye mdomo wa valvu akasubiri kuona kama litatoka povu. Alichokoa vijiwe vilivyonasa kwenye meno ya tairi kwa msumari mrefu, kimoja kimoja, huku akinung'unika kama mtu anayechambua mchele mbaya. Akimaliza manne ya chini alifungua buti na kulipima la tano. Tairi la akiba lisilo na upepo, alisema, ni abiria asiyelipa nauli.

Miaka ile ilikuwa na sababu ya kumtia mtu wazimu wa matairi. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, na maduka ya vipuri mjini yalibaki na rafu tupu na muuzaji mpya asiyejua alichokuwa anauza. Tairi likitoboka lilizibwa, likipasuka lilishonwa kwa ndani, likifika mahali halishoneki tena watu walilijaza nyasi na kuendelea na safari. Sisi tairi letu la akiba lililala chumbani pamoja nami, limeegemezwa ukutani chini ya dirisha, na kila asubuhi baba alilibeba kulirudisha kwenye buti. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne na nywele zangu zilinuka mpira. Nilikasirika sana kuhusu jambo hilo, na nilisema.

Sharti lake lilikuwa kwamba asiyejua kubadilisha gurudumu hapandi gari lake. Mama, ambaye hakujua kuendesha na hakutaka kujua, alifundishwa. Mimi nilifundishwa. Kwanza jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Halafu matawi mabichi barabarani, hatua nyingi nyuma ya gari, ili anayekuja kasi ajue kuna mwenzake amekwama. Halafu ubao chini ya jeki, maana udongo wa kandokando ya barabara ukilowa unameza chuma. Nati unazilegeza kidogo gari likiwa bado chini, na unazitia ndani ya kifuniko cha gurudumu zisipotee majanini. Nati zikikataa, panda juu ya spana. "Tumia uzito," alisema, "hasira weka nyumbani." Na wakati wa kukaza unavuka: hii, kisha ile inayoitazama, kwa msalaba.

"Kumbe msalaba bado unao," mama alimwambia, na baba alicheka mpaka akakaa chini.

Chini ya kiti chake alikuwa na sanduku la mbao. Mlikuwa na tochi, viraka na gundi yake, pampu ya mguu, chupa ya maji, kamba, na kipande cha kitambaa chekundu cha kufunga kwenye tawi. Kitambaa hicho alikikata kutoka kwenye kanga ya mama bila kumuomba, na kwa muda wa wiki nzima alikula chakula kilichopoa. Ufunguo wa pili wa gari ulining'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Tahadhari kabla ya hatari, ndiyo iliyokuwa Fatiha yake. Leo nikisikia mtu anaisema methali hiyo kwa kujiamini, naondoka nikatafute kitu cha kufanya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya kawaida. Ndugu yake baba alikuwa mgonjwa Jinja, naye aliomba ruhusa kazini akaenda kumwona. Alipima matairi, akatia tairi la akiba kwenye buti, akaniambia nisichelewe shule. Hicho ndicho alichoniambia. Nimekigeuza miaka yote hii kutafuta kingine ndani yake, na hakuna.

Usiku hakurudi. Kesho yake mchana alikuja dereva wa lori la ndizi aliyezoea kula na baba huko Kabalagala. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama mlangoni, akazungusha kofia mikononi.

"Mama, mimi naona motokaa ya mzee," alisema. "Njia ya Jinja, mbele ya Mukono kidogo. Iko juu ya jeki. Lakini yeye hayuko."

Mama alimuuliza kama alisimama kuangalia.

"Nani anasimama, mama?" akajibu, na akaondoka haraka.

Hakuhitaji kueleza zaidi. Siku hizo watu walipotea. Gari lisilo na namba lilisimama, wanaume wenye miwani myeusi walishuka, na mtu akatiwa kwenye buti mchana kweupe huku wapita njia wakitazama viatu vyao. Kosa hukuambiwa. Kwa watu wa kabila la baba, kuzaliwa kwenyewe kulitosha.

Mama alimwita mjomba, kaka yake, aliyekaa Mbuya na aliyekuwa polisi zamani. Mjomba alisema tusiende. Gari la mtu aliyechukuliwa, ukiligusa, watakuuliza wewe ni nani wake. Mama alikwenda jikoni, akautoa ule ufunguo msumarini, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Akirudi ataniuliza gari liko wapi," alisema. "Nimwambie nini?"

Tulipanda teksi ya kwenda Jinja, mama, mjomba na mimi. Baada ya Mukono nilianza kutazama kando ya barabara, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa matawi. Aliyaweka mbali vizuri, kama alivyotufundisha, na juu ya tawi moja kulikuwa na kitambaa chekundu. Majani yalikuwa yamenyauka bila kukauka.

"Kanga yangu," mama alisema.

Dereva wa teksi alitushusha mbele kabisa ya pale, akakanyaga mafuta.

Gari lilikuwa juu ya jeki, ubao chini yake, jiwe mahali pake. Tairi lililotoboka lilikuwa limelazwa majanini, na msumari uliolitoboa ulionekana, mpya, unang'aa. Gurudumu la akiba lilikuwa limeshapandishwa. Nati mbili zilikuwa zimekazwa, moja ikiitazama mwenzake, na mbili zilikuwa ndani ya kifuniko zikisubiri. Spana ilikuwa chini. Katika nchi ambayo watu waliiba matairi kwenye magari yenye watu ndani, lile lilikaa mchana na usiku kando ya barabara kuu na hakuna aliyeligusa. Woga ulililinda kuliko askari.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwanamke anayeuza mananasi. Mama alivuka, nami nikamfuata.

"Nyabo, mama, mimi hapana ona kitu," mwanamke alisema kabla hatujamuuliza. Alikuwa wa kabila la Waganda, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya watu wa bunduki. Sisi tulimwogopesha vilevile. Mama hakubishana. Alichuchumaa karibu naye, akachukua nanasi, akaligeuza kama mteja, akasema, "Ni bwana wangu."

Mwanamke alitazama kushoto na kulia. Akaanza kupanga mananasi yaliyokuwa yamepangwa.

"Wao nakuja watatu," alisema kwa sauti ya chini. "Nasema, panda. Yeye nasema, ngoja kidogo, wazee wangu, mimi namaliza, bado mbili. Yeye nasema, gari itaangusha watu." Akalipangusa nanasi moja vumbi. "Wao nacheka. Basi."

Aliligandamiza lile nanasi mikononi mwa mama na akakataa pesa.

Tulirudi kwenye gari. Mjomba aliinama kuchukua spana, mama akamwondoa. Alikunja kanga, akapiga magoti kwenye kokoto, akatoa nati ya kwanza ndani ya kifuniko akaitia kwa vidole, kisha ya pili. Akazikaza. Mjomba aliendelea kutazama barabarani na kusema, "Dada, haraka. Dada, twende," naye alikaza bila haraka yoyote, kama mwanafunzi anayesimamiwa. Alishusha jeki, akapanda juu ya spana kwa miguu miwili. Mjomba alitaka kuzirudia zote nne, maana gurudumu hukazwa upya likishagusa ardhi.

"Hizi mbili rudia," mama alimwambia. "Zile usiguse. Zile amekaza yeye."

Mjomba akaliendesha gari mpaka nyumbani. Mama alikaa nyuma na lile tairi bovu mapajani, ingawa buti lilikuwa tupu. Kwenye buti hakutaka kitiwe chochote.

Tulimtafuta. Mjomba aliuliza kwa wenzake wa zamani mpaka mmoja wao akamwambia kwa wema aache kuuliza. Maiti haikuonekana, na kwa sababu hiyo mama hakuwa mke wala mjane. Shehe alikuja mara mbili kumweleza kwa upole kwamba kuna taratibu, kwamba anaweza kukaa eda, watu wakasoma hitima, mambo yakaisha. Mama alimpa chai akamshukuru. Hakukaa eda. Hakuvaa nyeupe. Aliendelea kusuka mikeka ya kuuza, na katika nyumba yetu neno marehemu halikutamkwa. Mjomba lilimponyoka siku moja mezani, mama akainuka na sahani yake akaenda kula jikoni. Ilikuwa daima "baba yako akirudi". Nilimwonea huruma na nilimchukia kwa maneno hayo matatu. Nilitaka kulia na hapakuwa na msiba wa kulilia.

Gari tulilitumia kidogo, petroli ilikuwa shida. Mjomba alinifundisha kuendesha. Matairi yalizungushwa, la mbele nyuma, la nyuma mbele, ili yaishe pamoja, isipokuwa lile la nyuma kushoto, alilopandisha baba siku ile. Hilo mama alikataza lisiguswe. Mjomba alimwambia nati zinaota kutu. Alimwambia meno yamekwisha. Kila Jumapili mimi nilipima upepo, na kila nilipofika kwenye lile nilipitisha kidole juu ya mpira laini, nikajua baba angesema nini. Kila alichotufundisha tulikiasi kwenye gurudumu lile moja, na tulikiasi kwa ajili yake.

Lilipasuka alasiri moja, miaka minne baadaye, kwenye mteremko wa kutoka Kabalagala. Tulikuwa tunapeleka mikeka, mama kando yangu. Gari liliyumba, nikalishika, likasimama kando. Hatukuumia. Nilizima injini.

Halafu nilishuka nikafanya kazi. Jiwe. Matawi, niliyakata kwenye ua wa mtu. Ubao, jeki. Nati mbili za mama zililegea bila ugomvi. Za baba zilikataa. Nilivuta, nikaitukana spana, nikalipiga gari teke. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na tawi mkononi.

"Uzito," alisema. "Hasira weka nyumbani."

Nilipanda juu ya spana. Nilisimama pale, msichana mzima, nikiruka juu ya chuma na kulia waziwazi mbele ya wenye maduka, maana nilijua ninachofungua ni nini. Mkono wa baba ulikuwa wa mwisho kukigusa. Nati ililia kwanza, kisha ikaachia. Nikaifungua ya pili.

Mama alizipokea zote nne kwenye kifuniko cha gurudumu. Nilitoa tairi lililopasuka, nikapandisha la akiba. Alinipa nati moja, kisha nyingine, nami nikazikaza kwa msalaba. Alipokuwa anangoja aliinama juu ya lile tairi bovu na kulipapasa kwa kiganja, polepole, pande zote.

"Marehemu baba yako angetugombeza," alisema. "Tairi kipara namna hii."

Nilibaki nimechuchumaa, sikuthubutu kumtazama. Mkono wake ulikuja begani kwangu, na nati zilizobaki zikalia kidogo ndani ya kifuniko.

"Haya, mwanangu," alisema. "Bado mbili."