Karibu Niliyoisema Oaxaca

Usiniambie ni korona. Daktari wa hapa Ilford kashaniambia, binti yangu kashaniambia, na shoga zangu wa msikitini wanaambiana nikishawapa mgongo. Mie nilikuwepo, wao hawakuwepo. Niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu mawili, saa kumi na nusu ya jioni, taa zote zinawaka, na sikuwa na homa wala usingizi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Kazi yangu ni kupika. Harusi, hitima, akika. Ukila pilau ya Kizanzibari London ya mashariki, aghalabu imetoka jikoni kwangu. Basi binti yangu Salma, aliyezaliwa hapa hapa, akaninunulia zawadi: wiki nzima Mexico, mji wa Oaxaca, kukaa na familia na kujifunza mapishi yao. Mama yangu, aliyeondoka Unguja baada ya Mapinduzi akiwa kanibeba mgongoni, sasa alikuwa mzee wa kuangaliwa. Nikamwachia Salma, nikaenda.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Mwenye nyumba wangu, Doña Chelo, alinisagisha mahindi juu ya jiwe mpaka mabega yakalia. Tulikwenda sokoni kununua pilipili kavu za kila rangi, tukazikaanga, tukazipika na chokoleti mpaka mchuzi ukawa mweusi kama lami. Hata panzi wa kukaanga nilikula. Nzige ni halali, na hawa si binamu zao?

Siku ya mwisho ilikuwa ya kuwaandalia marehemu wao. Meza ilipambwa maua ya rangi ya chungwa, mkate, maji, chumvi, na picha ya mama mkwe wa Doña Chelo, bibi mwenye shali na chunjua kubwa kidevuni. Doña Chelo, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, alinieleza kuwa marehemu huja kula ladha ya chakula, kisha hurudi kwao. Nikapewa sahani, nikakaa kula mbele ya meza ile. Sasa niambie, wewe uliyelelewa vizuri, unaweza kula huku mtu anakutazama usimkaribishe? Mdomo wangu ulinitangulia.

"Karibu bibi," nikaiambia picha. Na kwa kuwa sisi hatujui kukaribisha nusu, nikaongeza, "Na London pia karibu, nyumba ni yako."

Siku ya pili baada ya kurudi, kengele ya mlango ikalia. London mwezi wa Novemba, saa kumi na nusu giza limeshaanza kuingia. Nikafungua, nikamwona bibi kajifunika shali. Nilidhani ni jirani aliyehamia karibuni, na mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Nikamkalisha mezani pembeni mwa mama, nikampakulia pilau. Alikula taratibu. Kijiko kinakwenda, kinarudi, na wali kwenye sahani haupungui. Nikamtazama vizuri, ndipo nilipoiona ile chunjua.

Mama akaonja sahani yake, akaisukuma. "Mwanangu, leo hukutia kitu?"

"Nimetia, mama."

"Hukutia. Hii karatasi."

Nikaonja mimi. Pilau ilikuwa sawasawa, chumvi yake, bizari yake, kila kitu. Bibi yule alikuwa akila ladha ya mama yangu.

Kesho yake akaja tena, saa ile ile. Salma alikuwepo. "Mum, unampakulia nani?" akaniuliza, maana yeye aliona kiti kitupu. Mama alimwona, akamsalimia. Lakini mama hakula tena, si uji, si mkate wa kumimina aupendao. Kwa mtu wa miaka themanini na zaidi, siku mbili bila kula ni nyingi. Midomo ilianza kumkauka. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka na hasira.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe mie Ilford nilitoe wapi? Alipokuja siku ya tatu nilimtolea mbuzi ya kukunia nazi, nikamwekea nazi mbili zilizovunjwa, nikamwonyesha kwa kidole. Nilitaka akasirike aondoke. Unafikiri alikasirika? Alikunja shali, akakaa, akakuna. Niamini, mkono wake ulikuwa mkono wa mpishi. Alizimaliza zote mbili, kisha akarudi kwenye kiti chake pembeni mwa mama.

Nikasimama kati yao. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana ndicho nilichomwitia: "Bibi, aliyekukaribisha ni mimi. Mama yangu hakukuita. Kumfukuza mgeni sikufunzwa, lakini huyu humgusi. Kama lazima ule, kula kwangu."

Aliinuka kitini. Kisha akanyanyua kidole gumba, bado kibichi kwa nazi, akakiweka juu ya mdomo wangu. Kilikuwa baridi kama kimetoka kwenye friji. Akajifunika shali, akatoka, wala sikusikia mlango ukifunguliwa.

Ile nazi niliichuja, nikapika wali. Mama alikula sahani nzima, akaomba nyingine. "Leo umepika," akasema. Mimi nikatia tonge mdomoni, nikatafuna. Hakuna chumvi, hakuna nazi, hakuna chochote.

Mpaka leo. Mwalimu wa madrasa alinisomea, daktari alinipima pua na ulimi, Salma akanitafutia vidonge. Nimewaambia waache. Nilitoa mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na sitaki kurudishiwa. Mama aliishi miaka minne zaidi, kila siku kakaa jikoni kwangu ananionjea: "Ongeza chumvi. Iliki basi, inatosha." Tangu afariki napima kwa mkono tu, na harusi bado zinaniita.

Kwa hiyo wewe unayefunga sanduku kwenda kula kwa watu, nenda, ule ushibe. Ukikuta marehemu wa watu kaandaliwa meza, funga mdomo. Na kama mazoea yamekushinda na karibu imeshakutoka, siku atakapobonyeza kengele yako toka mbele mwenyewe. Neno la kinywa chako lisimnyime mzee wako tonge.